Barabara Nyeupe za Milima ya Ufaransa

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka nakuomba unipe sikio lako. Najua wenzangu wa chama wameandika juu ya methali, ngano na adabu za mezani. Mimi nimechagua barabara tulivu za baiskeli katika milima ya Ufaransa, nchi ambayo sijaikanyaga na ambayo, kwa jinsi karo inavyolipwa kwetu kwa matone, sitaikanyaga kesho wala kesho kutwa. Nilipoitaja mada hii mkutanoni, watu waliangua kicheko. Mmoja aliniuliza, "Kwani unataka kuwa Froome?" Nikamjibu la, mimi natafuta barabara isiyo na lori.

Wala sikuwa nikifanya mzaha. Mwezi wa Mei mwaka 2023 kaka yangu mkubwa alikuwa akirudi kutoka sokoni na baiskeli yetu, ile aina nzito tunayoiita Black Mamba, amefunga gunia la mkaa kwenye keria. Matatu mbili zilikuwa zikishindania abiria. Moja ilimpita karibu mno, kioo chake cha pembeni kikampiga begani, naye akaingia mtaroni na mkaa wake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Matatu haikusimama. Tangu siku hiyo baiskeli ilitundikwa ukutani jikoni, na mama akatoa amri kwamba hakuna mtoto wake atakayeipanda tena kwenye barabara ya lami. Nami nasoma shule ya kutwa, kilomita saba kutoka nyumbani. Hesabu mwenyewe nilianza kuamka saa ngapi.

Basi muhula wa pili mwalimu wetu wa Jiografia aliingia darasani na ramani kuukuu ya kampuni ya Michelin, iliyochakaa mikunjoni hata ikawa inapitisha mwanga. Nia yake ilikuwa kutufundisha vipimo vya ramani, kwamba sentimita moja pale ni kilomita mbili ardhini. Ramani ilionyesha Massif Central, yaani nchi ya milima iliyo katikati ya Ufaransa kuelekea kusini, pamoja na upande wake wa mashariki ambapo ardhi inaporomoka hadi bonde la mto Rhône. Kipindi kilipokwisha niliomba nikae nayo hadi Ijumaa. Ijumaa hiyo ikageuka muhula mzima. Yale ambayo ramani haikuniambia niliyatafuta kwenye intaneti katika chumba cha kompyuta, siku ambazo stima ilikuwepo.

Kampuni ya Michelin yenyewe ina undugu wa damu na baiskeli. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliianzisha mjini Clermont-Ferrand mwaka 1889. Wakati huo tairi za upepo zilikuwa zikigandishwa kwa gundi kwenye rimu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya masaa, kisha ungoje gundi ikauke. Mwaka 1891 ndugu hao wakatoa tairi ya baiskeli inayovuliwa na kurudishwa kwa haraka. Kwa hiyo yule fundi wa pale stendi anayeziba pancha huku ukimalizia chai yako ana deni kwa watu wa Clermont-Ferrand, ingawa hawajui.

Sasa tuisome ramani. Barabara kubwa zimepakwa rangi nyekundu, za wastani manjano, na zilizobaki zimeachwa nyeupe. Hizo nyeupe ndizo nyingi kupindukia. Zimetapakaa kati ya zile nyingine kama mishipa kwenye jani la mhogo, na mara nyingi nazo zina lami. Ukiona barabara imechorwa ukingo wa kijani, ujue waliochora ramani wanakuambia mandhari yake ni ya kupendeza. Kisha kuna vishale vidogo vilivyokaa juu ya barabara. Kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13. Asilimia 7 maana yake ni kwamba kila ukienda mita 100 umepanda mita 7. Ncha ya kishale huelekea juu mlimani. Hili nililikosea mwanzoni, nikawa napanga safari nzima nikidhani nateremka, kumbe ningekuwa natoa jasho.

Jambo lililonishangaza ni kwamba utulivu wa barabara unaweza kusomwa kabla hujatoka nyumbani. Huhitaji kubahatisha. Jiulize swali moja tu: dereva mwenye haraka ana sababu gani ya kupita hapa? Kama barabara ya manjano na barabara nyeupe zinaunganisha miji ileile miwili, na ya manjano ndiyo fupi, basi ile nyeupe umeachiwa wewe, ng'ombe, na lile gari dogo la manjano la posta. Kama bonde la mto lina barabara kila ng'ambo, kwa kawaida moja ndiyo kuu na nyingine ni ya wenye mashamba. Chagua ya wenye mashamba. Na kama barabara inapanda hadi kijiji kimoja kidogo kisha inashuka upande wa pili bila kuelekea mji wowote wa maana, hiyo bwana ni dhahabu.

Lakini uangalie herufi. Huko barabara hupewa herufi kabla ya namba. A ni zile kuu za mwendo kasi ambazo baiskeli haziruhusiwi kabisa. N ni za taifa. D ni za departementi, ambazo tunaweza kuzifananisha na kaunti zetu. Chini kabisa ni zile za komuni, yaani utawala mdogo wa kijiji au mji. Wageni wengi huambiwa wafuate D nao wapo salama. Si kweli kila mara! Mwaka 2006 serikali kuu ilizikabidhi departementi sehemu kubwa ya barabara zilizokuwa N. Ramani yangu ya zamani inaonyesha N86 ikifuata Rhône upande wa magharibi. Siku hizi ni D86. Jina lilibadilika ila malori hayakusoma kibao. Kwa hiyo tazama rangi kwanza, herufi baadaye. Tena usishtuke ukivuka mpaka wa departementi na namba ya barabara ikabadilika ghafla, maana kila departementi hujihesabia barabara zake.

Utauliza, ni kwa nini nchi iwe na barabara ndogo nyingi hivyo za lami na zisiwe na magari? Nami nilijiuliza, maana kwetu barabara ikiwekwa lami tu, kufikia jioni imejaa bodaboda.

Jibu la kwanza ni sheria. Mwaka 1836 ilitungwa sheria iliyozilazimu komuni kuzitunza njia za kuunganisha vijiji. Ufaransa ina komuni zipatazo 35,000, na ukijumlisha barabara zote za nchi unapita kilomita milioni moja. Zile za A hazifiki hata 15,000. Yaani magari mengi ya safari ndefu yamekusanywa kwenye sehemu ndogo sana ya mtandao, na sehemu iliyobaki imebaki na wenyeji.

Jibu la pili linahuzunisha kidogo. Chukua departementi ya Ardèche, ndiyo niliyoisoma zaidi kwa sababu mikunjo ya ramani haikuila. Mwaka 1861 ilikuwa na watu zaidi ya 388,000. Mwaka 1962 walikuwa wamepungua hadi chini ya 250,000. Wengine walihamia viwandani, wengine mijini, na vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua vijana. Karibu kila komuni ya Ufaransa ina mnara wenye majina ya waliokufa vitani, na wasafiri husema kwamba katika vijiji vya mlimani majina yale huweza kuwa mengi kuliko watu utakaowakuta barazani. Huko Ardèche miteremko imekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe, kazi ya mikono ya mababu, ili wapande mizabibu na miti ya njugu tamu ambazo zilikuwa chakula chao cha kila siku. Leo ngazi nyingi zimemezwa na msitu. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya watu wale ipo, wao hawapo.

Siku hizi idadi imepanda tena hadi kama 330,000. Sasa linganisha na kaunti yetu ya Vihiga. Katika sensa ya 2019 tulihesabiwa watu 590,013, na eneo letu halifiki kilomita mraba 600. Ardèche ina zaidi ya 5,500. Wana nafasi karibu mara kumi ya yetu na watu kidogo tu zaidi ya nusu yetu. Kwa hiyo nikisema naionea wivu barabara yao, nakumbuka pia kwamba sisi bado tuna watu wa kutusalimia njiani. Nikianguka kwetu, nitaokotwa na mama mboga kabla vumbi halijatua. Hata kaka aliokotwa hivyo hivyo.

Haya, tusafiri. Nimeshaipita njia hii kwa kidole mara nyingi hata kidole kinajua kona zake.

Tunaanzia La Voulte-sur-Rhône, mji ulio kando ya mto Rhône, kama mita 100 tu juu ya usawa wa bahari. Hapa karibu mto Eyrieux unaingia Rhône, nasi tunaufuata Eyrieux kwenda juu, magharibi. Barabara ya D120 inalifuata bonde hilo, lakini kuna kitu bora zaidi. Zamani treni ndogo ya reli nyembamba ilipita bondeni humo. Ilifungwa mwaka 1968. Reli zikang'olewa, na tuta lake likageuzwa njia ya baiskeli na waendao kwa miguu inayoitwa Dolce Via, yenye jumla ya kilomita 90 hivi pamoja na matawi yake. Si lami kila mahali, sehemu kubwa ni changarawe iliyoshindiliwa. Uzuri wake ni kwamba treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walilazimika kuizungusha njia taratibu, kwa madaraja na mahandaki. Wewe unapanda bila kujua kwamba unapanda. Unapita mashamba ya mipichi, unapita Les Ollières, unapita Saint-Sauveur-de-Montagut, na baada ya kilomita kama 50 uko Le Cheylard. Kwa Black Mamba hiyo ni siku moja ya heshima. Tunalala hapo.

Siku ya pili ndiyo mlima wenyewe. Tunaiacha reli na kushika D578 kupitia Dornas hadi Mézilhac. Pale kuna kile ambacho wao hukiita col, yaani pengo kati ya vilele ambapo barabara hupata kuvuka, nalo liko mita 1,119. Hapo utaona jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Katika milima mingi ya Ufaransa wameweka vibao vidogo kwa ajili ya wapanda baiskeli. Kila kilomita, kibao kinakuambia uko mita ngapi, zimebaki kilomita ngapi kufika juu, na kilomita inayofuata ina mwinuko wa asilimia ngapi. Fikiria! Serikali imekaa chini ikamfikiria mtu anayehema juu ya baiskeli. Kwetu kibao pekee nilichowahi kuandikiwa ni "Kaa Chonjo".

Kutoka Mézilhac unaendelea kupanda hadi Lachamp-Raphaël, kijiji kilicho mita 1,330. Miti imepungua, upepo umeongezeka, na nyumba ni za mawe mazito zilizojikunyata kama kuku kwenye mvua. Mbele yako ni Gerbier de Jonc, mlima wa mita 1,551 wenye umbo la chungu cha nafaka, uliosimama peke yake. Ni mabaki ya volkano. Chini yake ndipo unapozaliwa mto Loire, mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Na hapa sikiliza vizuri. Eyrieux tuliouacha nyuma hupeleka maji yake Rhône na kisha Bahari ya Mediterania. Loire, ambao chemchemi zake ziko karibu hivi, hugeuza mgongo na kwenda hadi Bahari ya Atlantiki. Umepanda siku mbili, umefika kwenye uti wa mgongo wa nchi, mahali ambapo tone la mvua huamua liende bahari gani. Yaani nilipoligundua hili kwenye ramani nilipiga meza hadi msimamizi wa maktaba akanitoa nje.

Sasa kuhusu kupanda. Kwenye Black Mamba una gia moja, ukishindwa unashuka na kusukuma kama tunavyosukuma pale Riat ukitoka Kisumu kuja kwetu. Hata Wafaransa walikuwa hivyo. Aliyewabadilisha ni Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853, mchapishaji wa jarida la baiskeli mjini Saint-Étienne, aliyejiita Vélocio. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba mtu wa kawaida, hata mzee, anaweza kuvuka mlima akiwa na gia za kubadilisha. Hesabu yake ni rahisi. Kama gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 22, ukikanyaga mzunguko mmoja, tairi inazunguka mara mbili. Ukiwa na 28 mbele na 28 nyuma, tairi inazunguka mara moja tu. Unakwenda polepole, lakini mguu unabeba mzigo mwepesi. Ajabu ni kwamba mashindano ya Tour de France, yaliyoanza 1903, hayakukubali mtambo wa kuhamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine mpaka 1937. Eti waliuona ni wa wazee! Vélocio hakuiona siku hiyo. Mtu aliyewafundisha wenzake maelfu ya kilomita za milimani aligongwa na tramu katika mji wake mwenyewe, akafa mwaka 1930. Habari hiyo sikuisimulia nyumbani.

Kuhusu Froome, kwa kuwa najua mnangoja. Ndiyo, Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, na akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2013 alishinda pia siku ya mlima Ventoux. Lakini Ventoux ni mahali pa watu kujipimia nguvu, na kiangazi barabara yake hujaa baiskeli, pikipiki na magari. Mimi simshauri mtu anayetafuta utulivu aende huko. Hata Ardèche kuna tamasha la baiskeli liitwalo L'Ardéchoise, lililoanza 1992, ambalo huvuta maelfu kila Juni. Chagua wiki nyingine.

Yapo pia mambo madogo yanayoweza kukuharibia safari. Huko hupita kulia, kinyume chetu, na mahali pasipo na alama yoyote anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, hata kama ametokea kwenye kichochoro cha mbuzi. Gari linalokupita nje ya mji linatakiwa kisheria likuachie nafasi ya mita moja na nusu, na mjini mita moja. Niliposoma hilo nilichukua rula nikapima mita moja na nusu sakafuni, nikaitazama kwa muda. Malori ya zaidi ya tani saba na nusu hayaruhusiwi, kwa kawaida, kutembea kuanzia Jumamosi saa nne usiku hadi Jumapili saa nne usiku, kwa hiyo Jumapili ni siku njema, isipokuwa wenye pikipiki nao huipenda milima siku hiyohiyo. Maduka ya vijijini hufungwa mchana watu wakale, na mengine Jumatatu hayafunguliwi kabisa, basi nunua mkate asubuhi. Maji mara nyingi hupatikana kwenye bomba la makaburini, nawe usiogope, wafu hawanywi. Ila pakiandikwa "eau non potable" usiyanywe. Na ukiona kibao chenye neno "gravillons", punguza mwendo, maana wamemwaga kokoto mpya juu ya lami, na kona ya mteremko yenye kokoto haina huruma. Wakati wa baridi usiende huko juu. Kuna upepo wa theluji wenye jina lake, burle, nao hufunga barabara.

Baada ya mtihani wa muhula wa pili nilimwomba mwalimu karatasi nyingine, ramani ya eneo letu ya 1:50,000, ile inayotumika kutufundishia kusoma ramani. Haina rangi za Michelin lakini vijia vipo. Nikauliza lile swali langu: dereva mwenye haraka ana sababu gani ya kupita hapa? Nikapata njia ya kwenda shuleni inayopita nyuma ya mashamba ya chai, inashuka hadi mtoni penye daraja la mbao, kisha inapanda kwa kanisani. Ni kilomita tisa na nusu badala ya saba, na kuna mwinuko mmoja ambao ningeuwekea vishale viwili. Barabara ya lami inaikata mahali pamoja tu.

Nilimwonyesha mama jioni moja, taa ikiwa mezani. Aliitazama ramani muda mrefu, akaifuata njia kwa kidole kama ninavyofanya mimi, akasimama pale inapokata lami.

"Na hapa je, baba?"

"Hapo nitashuka, mama. Nitaisukuma hadi ng'ambo."

Hakunijibu, akaenda kutazama ugali. Jumamosi yake alimtuma kaka sokoni, naye akarudi akichechemea na tyubu mbili mpya mkononi. Ni yeye mwenyewe aliyeishusha baiskeli ukutani.